Ulimbo wa Sapini na Redio ya Koko

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limebanduka rangi, na kifuniko chake kilikuwa kimegandamana hata kaka yangu akalazimika kukifungua kwa bisibisi. Tulikuwa tunapanga vitu vya baba, wiki chache baada ya kumzika. Ndani mlikuwa na kipande cha kitu kigumu, rangi ya chai iliyokolea, kinachong'aa upande mmoja kama kioo kilichovunjika. Kaka alidhani ni sukari iliyoungua. Mimi nilikishika kiganjani mpaka kikapata joto, nikakinusa, halafu nikakaa juu ya kitanda cha baba nacho mkononi.

Habari ya kifo chake niliisoma kwenye simu, nikiwa ofisini mtaa wa Ibanda, katika kundi la ukoo, kabla kaka hajapata nafasi ya kunipigia. Binamu wa mbali aliandika jina la baba, akaweka alama ya mikono inayosali, basi. Simlaumu. Ndivyo habari zinavyotembea sasa. Lakini zamani baba alifanya kazi kubwa na ya ajabu ili habari ya namna hiyo isimfikie mtu kwa njia ya namna hiyo. Mimi nilikuwa pale, nikiwa na mikono iliyojaa ulimbo, na kwa siku zote zile nilimwelewa vibaya.

Baba alikuwa fundi wa redio. Meza yake ilikuwa chini ya baraza la duka moja mtaa wa Kadutu, mjini kwetu, na juu yake redio zilikaa wazi matumbo nje kama kuku waliopasuliwa. Kazi ya fundi wa redio, kwa sehemu kubwa, ni kuunganisha waya zilizoachana. Anayeyusha risasi, ile metali laini ya kuungia, kwa chuma cha moto na kuidondosha kwenye kiungo. Lakini risasi haishiki chuma kichafu. Inajikunja na kuanguka. Ndiyo maana fundi hugusisha kwanza kolofani, ambayo ni ulimbo wa msonobari uliopikwa ukawa mgumu. Inatoa moshi mweupe, inasafisha kiungo, na risasi inatambaa yenyewe mpaka mahali pake. Baba alinunua kolofani iliyokuja kwa boti kutoka Goma, katika vikopo vidogo bapa. Mwaka mmoja wa vita, nikiwa mtoto, boti zilikuwa za kubahatisha, na vikopo vikaisha.

Mwaka ule ule mjomba wangu, tonton Deo, alikuwa amepotea. Alikuwa kitinda mimba wa Koko, bibi yetu mzaa maman, aliyeishi Nyangezi. Deo alikwenda kufundisha shule ya msingi huko Shabunda, ng'ambo ya msitu, na vita vikafunga njia nyuma yake. Barua zikakatika. Simu za mkononi hazikuwa zimefika kwa watu kama sisi. Kilichobaki ni redio. Kila mchana, na tena jioni, msomaji wa matangazo alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: familia ya fulani, ya mahali fulani, inajulishwa kwamba mtoto wao amefariki, au ameonekana, au yuko hospitali na anaomba mtu wa kumtunza. Koko alisikiliza akiwa ameegemeza sikio kwenye redio yake kubwa ya mbao. Alikuwa anangoja jina moja tu. Kisha redio ikazima, mawe mapya, yaani betri, hayakuiamsha, na akatuma ujumbe mjini: kama mkwe wake hana nafasi, yeye ataipeleka kwa fundi wa soko la Walungu.

Mwanzoni mwa vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, baba alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Aliingia chumbani na maman, mlango ukafungwa. Nilimsikia maman akikohoa muda mrefu sana, nikafikiri ni vumbi la kiangazi. Walipotoka, baba alikuwa amebeba mfuko wake wa vyombo.

"Mapendo, panga nguo. Tunaenda Nyangezi kutengeneza radio ya Koko."

"Na maman?"

"Maman anabaki kwanza. Anangojea tonton yako mukubwa atoke Uvira. Batakuya pamoja."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Mchana ule, redio zote za meza ya baba zikiwa wazi, msomaji alikuwa amelitaja jina la Deo kati ya waliofariki. Na kwetu mama haambiwi kifo cha mtoto wake na redio. Wala haambiwi na mkwe. Mkwe na mama mkwe wana heshima yao, na kuna maneno ambayo mdomo wa mkwe haubebi. Anapaswa kuja mkubwa wa nyumba, aliyezaliwa na mama huyo huyo, akae chini, aseme, na abaki. Huyo mkubwa alikuwa Uvira, na barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na askari. Basi fundi hodari kuliko wote niliowajua alitumwa kwenda Nyangezi ili redio isitengenezeke.

Haya niliambiwa na maman nilipokuwa mtu mzima. Wakati ule nilijua jambo moja tu: Koko anangoja habari za Deo, habari ziko ndani ya redio, na redio inataka kolofani.

Koko alitupokea kwa furaha iliyoniumiza baadaye. Aliifuta redio vumbi kwa kikwembe, kitenge alichojifunga, akaiweka mbele ya baba kama mtu anayemweka mgonjwa mbele ya daktari.

"Papa Mapendo, itasema leo?"

"Leo hapana, Maman. Kolofani iliniishia. Nitaipika mimi mwenyewe. Ni kazi ya siku mingi kidogo."

Juu ya kilima, nyuma ya shamba la maharage, palikuwa na msitu mdogo wa misonobari iliyopandwa na wamisionari wa zamani. Sisi tuliiita sapini. Baba alichukua panga na makopo, nami nikamfuata. Mahali ambapo tawi lilikuwa limevunjwa na upepo, gome lilikuwa limefunikwa na matone ya manjano, mengine laini kama asali, mengine yameshakuwa meupe na magumu juu. Niligusa moja, vidole vikashikana.

"Hii ni utomvu, papa?"

"Hapana. Utomvu iko kitu ingine." Alikata kijitawi kibichi cha msonobari mchanga, akamenya ganda, akanipa. Ndani palikuwa na unyevunyevu unaong'aa. "Lamba."

Nililamba. Ilikuwa kama maji yaliyokaa karibu na sukari.

"Hiyo njo utomvu. Maji ya mti, na chakula yake inapita humo. Inapanda, inashuka. Ukiiacha ku jua, inakauka, haibakishe kitu. Sasa hii hapa," akagusa tone la manjano kwa ncha ya panga, "ni ulimbo. Mti hauikunywe. Inakaa tu ndani. Siku mti unapata kidonda, inatoka, inafunga pahali, wadudu basiingie. Tia ndani ya maji, haiyeyuke. Tia ku moto, inawaka."

"Na ile ya ndizi, yenye inaharibishaka nguo?"

"Ile nayo iko yake. Usinichanganye kichwa." Akacheka. Sikumbuki kama alicheka tena wiki zile.

"Mti unajuaka namna gani kama iko na kidonda?"

"Wee ukijikwaa, unangojaka mutu akuambie?"

Alichanja gome kwa mikato miwili inayokutana chini, akafunga kopo chini yake kwa kamba ya mgomba. Ulimbo haukutoka haraka. Ulijikusanya kwanza kwenye ukingo wa kidonda, shanga baada ya shanga, safi hata ukaona mikunjo ya gome kupitia ndani yake, halafu shanga moja ikazidiwa na uzito wake na kuteleza. Harufu ilikuwa kali, ya kufungua pua. Mikono yangu iligeuka myeusi kwa vumbi lililonata, na sabuni haikuweza kitu. Koko alinisugua kwa mawese, kisha majivu, kisha maji.

Koko mwenyewe aliujua ulimbo kwa matumizi yake. Kipande kidogo chini ya kuni mbichi, moto ukawaka. Kingine aliyeyusha na majivu akaziba ufa wa mtungi. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kwa kiangazi, na alasiri aliketi mlangoni, akapasha ulimbo kidogo na mafuta kwenye kijiko, akaufinyia ndani ya mipasuko, midomo ameibana. "Mti na mie tunasaidiana," alisema.

Baba alipika uani, kwenye mbabula, jiko dogo la makaa. Ulimbo uliyeyuka pamoja na sindano za majani, magamba na sisimizi waliokuwa wamenaswa. Aliuchuja kwa kitambaa cha zamani, akaurudisha motoni polepole, kifuniko karibu mkononi, kwa sababu mvuke wake unaweza kushika moto. Mafuta yanayonuka yalikuwa yanapaa, na kilichobaki chini kilizidi kuwa kizito na kukolea rangi. Kipimo chake kilikuwa hiki: unadondosha tone juu ya jiwe baridi, unangoja, unalibonyeza kwa ukucha. Likinata, mafuta bado yamo. Likivunjika kwa mlio mdogo kama pipi, limeiva.

Kila jioni baba alibonyeza tone na kusema, "Inanata bado."

Koko alianza kumtania. "Mie nilifikiri nilimupatia binti yangu fundi wa radio. Kumbe nilimupatia mupishi."

"Mupishi muzuri haharakishe, Maman."

"Muzuri ao mubaya, batu biko na njaa."

Alitania, lakini nilimwona. Saa ya matangazo ilipofika aliacha alichokuwa anafanya, akasimama uani, kichwa ameinamisha upande wa redio iliyofunguliwa, kana kwamba inaweza kujisahau na kusema. Mara moja alikwenda hadi kwa jirani yetu, Maman Riziki, kusikiliza kwake. Akarudi mapema mno.

"Hata ya kwabo imezima," alisema.

Hilo nililichunguza mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa kuchunguza. Nilizunguka nyumba za jirani zenye redio, na kila nilipokaribia, muziki uliokuwa unasikika kutoka njiani ulikatika. Mahali pamoja mtu aliizima redio mbele yangu na kuifunika kwa kikapu. Nilipouliza, Maman Riziki alijibu akiwa ananipa mgongo: "Mawe imeisha, mutoto yangu." Lakini nilikuwa nimesikia wimbo kwake muda si mrefu. Nikaunganisha mambo kama nilivyoweza: redio zote za Nyangezi zilikuwa zimeshikwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulikuwa kukosa kolofani. Watu wanaona haya kusema. Ndiyo maana wananiangalia kwa huruma, ndiyo maana wanatuletea viazi na maziwa bila kuombwa.

"Papa atatengeneza zote," nilimwambia Maman Riziki. "Nitaleta ulimbo ya kutosha."

Alinishika shavu kwa kiganja chake, akaniambia niende kucheza.

Sikwenda kucheza. Nilipanda kilimani peke yangu asubuhi na jioni. Nilijifunza mti upi unatoa kwa haraka, upande upi wa shina unaopata jua, wakati gani wa kukwangua. Nilileta makopo yaliyojaa hadi ukingoni, nikayapanga mbele ya baba, na sikuelewa kwa nini kila kopo lilimfanya aonekane amechoka zaidi. Sasa naelewa. Alikuwa ametumwa kuchelewesha, na mtoto wake mwenyewe alikuwa anamkimbiza.

Alasiri moja baba alikuwa ametoka kwenda barabarani kuuliza kama magari ya Uvira yanapita. Nilidondosha tone juu ya jiwe, nikangoja, nikalibonyeza. Likavunjika. Nilijaribu jingine. Likavunjika kwa mlio safi. Baba aliporudi nilimkimbilia na kipande mkononi.

"Papa, haina kunata tena. Imeiva."

Alikichukua, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa kizuri, chekundu-chekundu, bila uchafu hata kidogo. Nilingoja anisifu. Badala yake alikwenda kwenye mbabula, akakirudisha ndani ya chungu, kisha akachukua kopo langu la asubuhi, ulimbo mbichi wenye magamba na sindano, akaumimina wote juu.

"Inanata bado," alisema.

Nililia kwa hasira. Nilimwambia ameharibu, kwamba Koko anangoja, kwamba tonton Deo labda anatajwa sasa hivi na sisi hatusikii. Baba aligeukia chungu. Alikoroga tu, uso ameuweka ndani ya moshi.

Koko alikuwa mlangoni mwa jiko, na ungo mikononi. Aliona yote. Alikuja, akavuta kiti kifupi, akakaa karibu na mkwe wake kuliko nilivyowahi kuona akikaa. Aliokota kipande kilichobaki juu ya jiwe, akakivunja kwa vidole viwili.

"Papa Mapendo. Hii ilikuwa imeisha kuiva."

"Kidogo tu, Maman. Inanata kidogo."

"Haina kunata."

Baba alikoroga. Makaa yalilia. Koko alikunja kipande kile ndani ya ncha ya kikwembe chake, polepole, kama mtu anayeweka kitu asichotaka kipotee.

"Benye unangojea," alisema, "banakuya lini?"

Baba aliacha kukoroga. "Barabara ikifunguka, Maman."

"Sawa." Alisimama, mkono begani kwa baba kwa kitambo kidogo, tena kwa uzito, kama anayejisaidia kuinuka. "Basi zima hiyo moto. Unajiumiza macho bure."

Hakuuliza jina. Alikwenda kufagia uwanja wote, hata nyuma ya nyumba ambako hakuna anayefika. Alitoa mikeka, akaikung'uta. Akamwaga maharage mengi kwenye sufuria kubwa ya sikukuu, akayaloweka. Niliona maandalizi yale na moyo wangu ukaruka. Kwa nini bibi aloweke maharage ya watu wote wale? Nilikimbia hadi kwa Maman Riziki bila kupumzika.

"Tonton Deo anarudia. Koko analoweka maharage mingi."

Maman Riziki alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini na kujifunika uso kwa kikwembe, akabaki hivyo. Nilifikiri amefurahi. Nilingoja kidogo anipe muhogo, halafu nikarudi nyumbani.

Njia ya Uvira ilipofunguka, walifika kwa miguu kutoka barabarani, maman na tonton mkubwa, wamejaa vumbi la safari. Tonton alikuwa amevua kofia akiwa bado mbali. Koko alikuwa amesimama katikati ya uwanja aliofagia, amevaa vizuri, na nyuma yake, bila mtu kuwaita, wanawake wa jirani walikuwa wameshaanza kuingia mmoja mmoja. Nilitazama nyuma ya tonton kumtafuta Deo. Njia ilikuwa tupu.

"Karibuni," Koko alisema. "Ikaleni kwanza. Nitasikia mukiisha kuikala."

Wakakaa, naye akakaa katikati yao. Tonton mkubwa akamshika mikono yote miwili na kusema alichokuja kusema, na sauti iliyotoka kwa Koko ilianza chini sana, ikapanda, na wanawake wote wakaipokea hata usingejua tena ni ya nani. Baba alikuwa amesimama kando ya mbabula iliyopoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na alilia kama mtu anayepumzika.

Matanga yalipokwisha, wakubwa walirudi mjini na mimi nikaachwa nimsaidie Koko mpaka mwisho wa vakansi. Kabla baba hajaondoka, Koko alimpa redio, pamoja na kile kipande alichokuwa amekikunja ndani ya kikwembe.

"Sasa itengeneze."

Alipasha chuma, akagusisha kolofani ile, risasi ikatambaa; kilichobaki akakitia ndani ya kopo. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Koko aliwasha, akasikia sauti, akamshukuru kwa heshima zote za mama mkwe.

Nilifikiri hatataka tena matangazo. Lakini kila mchana, watu wakiwa mashambani, alikaa na sikio lake kwenye mbao, akasikiliza majina ya watoto wa watu wengine mpaka mwisho. Na siku moja msomaji akataja familia moja ya kilima cha pili, na jina la kijana wao aliyefia mbali alikokwenda kutafuta kazi. Koko alizima redio. Alifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vyake vya kanisani juu ya nyayo zilizopasuka, akanishika mkono.

"Tunaenda wapi, Koko?"

"Kutembea."

Mama wa nyumba ile alikuwa ndiyo kwanza anarudi shambani, jembe begani. Alishangaa kumwona Koko, mtu mwenye msiba mbichi, akipanda kilima kuja kwake. Akamtafutia kiti, akamwambia pole tena. Binti yake alikuwa anafuta redio ndogo, saa ya matangazo ya jioni ikikaribia.

"Iache kwanza hiyo, binti yangu," Koko alisema. "Leo nimekuya kuikala na mama yako."

Hakuwa mkubwa wa nyumba ile, kwa hiyo hakuwa na haki ya kusema kitu, na hakusema. Aliuliza habari za maharage. Mama yule alieleza kwamba mvua ilimdanganya mwanzoni, lakini ya upande wa bonde yamezaa vizuri, na akienda sokoni atamletea Koko mbegu. Koko aliuliza ni mbegu gani. Mama yule akacheka, akaingia ndani kuchukua kidogo amwonyeshe, akazimwaga kwenye kiganja cha Koko, nyekundu na za madoadoa, na vichwa vyao viwili vikainama juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yao. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kitu ambacho mtu mzima mbele yangu hakujua, na nilifunga mdomo wangu kwa nguvu, nikitazama njia, mpaka wanaume wa ukoo wao walipoonekana chini wakipanda, kofia mikononi.